Wapiga makasia wa Athens hawakufungwa minyororo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu hukatwa, na hii ni ndefu. Ikibidi kukata, kata pale ninapomsema Pericles, kiongozi wa Athens ya kale. Habari ya makasia na ya milango niachie.

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vita vya Wagiriki wa kale niliisoma kwa fundi cherehani nikingoja zamu yangu, nikaliomba gazeti nikaenda nalo nyumbani. Mwandishi ana kalamu nzuri, hasa akifika kwenye ngao na mikuki. Lakini ameandika kwamba manowari za Athens ziliendeshwa na watumwa waliofungwa minyororo kwenye makasia, na aya mbili mbele akaandika kwamba Wagiriki walipenda vita kwa sababu vilikuwa damuni mwao. Nimefundisha Historia sekondari miaka 31. Wagiriki hawamo sana katika muhtasari wetu, ila niliwasoma kwa hiari yangu nilipokuwa chuo, na tangu hapo sijawaacha. Kosa la kwanza lingekuwa dogo kama lisingezaa la pili. Aliyeshika kasia Athens ndiye aliyenyoosha mkono kupiga kura ya vita. Ukimfunga minyororo, kura yake hutaiona, na usipoiona kura huna pa kupeleka lawama isipokuwa damuni.

Manowari yao ya kawaida ilibeba watu 200. Kati yao 170 walikuwa wapiga makasia, wamekaa safu tatu, moja juu ya nyingine: 62 juu, 54 katikati, na 54 chini kabisa karibu na maji, ambako jasho la wa juu liliwadondokea. Kila mtu na kasia lake moja. Mwaka 429 K.K. mabaharia wa upande wa Sparta, mji uliokuwa ukipigana na Athens, walipanga kuishambulia bandari ya Athens kwa kushtukiza, wakatembea kwa miguu kutoka Korintho hadi kwenye meli zilizokuwa pwani ya Megara, kila mmoja amebeba kasia lake, mto wake wa kukalia, na ule ukanda wa kufungia kasia ambao wenzetu wa pwani huuita kishwara. Mtu aliyefungwa minyororo habebi mto wake wa kukalia.

Kwa Athens, wengi wa watu hao walikuwa raia maskini, wasio na shamba la kueleweka wala fedha ya kununulia ngao na deraya. Pamoja nao walikuwamo wageni waliohamia mjini na vijana wa visiwani waliofuata malipo. Watumwa walikuwamo pia, sikatai, lakini hawakuwa wengi. Ilipofika mwaka 406 K.K., mji umekaukiwa watu, ndipo watumwa walipoitwa kwa wingi kwenda kupigana baharini huko Arginusae, na kwa kazi hiyo wakapewa uhuru wao. Ile picha ya minyororo na mjeledi imetoka kwenye merikebu za Bahari ya Mediterania za karne nyingi sana baadaye. Sinema zimeirudisha nyuma, na sisi tumeimeza.

Sasa malipo. Katika miaka ya neema mpiga kasia alipata drakma moja, sarafu yao ya fedha, kwa siku, sawa na fundi mwashi aliyekuwa akijenga mahekalu. Fedha ilipopungua ikawa nusu drakma. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi wangu hesabu hii ubaoni: watu 200, siku 30, drakma moja kila siku, ni drakma 6,000, na drakma 6,000 ndiyo talanta moja. Meli moja, mwezi mmoja, talanta moja. Pericles alipowahesabia wananchi wenzake nguvu yao vita vilipoanza, aliwaambia wana manowari 300 zinazofaa kwenda baharini, akiba ya talanta 6,000 za fedha iliyokwisha kupigwa sarafu, na talanta 600 zinazoingia kila mwaka kutoka miji iliyo chini yao. Miji ile ilitoa kodi, kodi ikawalipa wapiga makasia, nao wapiga makasia wakaenda kuizuia miji isiache kutoa kodi. Tena watu hao hao walipanda kilima cha Pnyx, ulipofanyika mkutano wa raia, wakasikiliza hotuba, wakanyoosha mikono. Neno posho tunalijua sote, sina haja ya kulieleza zaidi.

Nije kwenye milango.

Vita vilipoanza mwaka 431 K.K., Pericles aliwaambia watu wa mashambani waache kila kitu waingie mjini, ndani ya kuta. Jeshi la Sparta hawakuliweza kwenye nchi kavu. Mpango ulikuwa adui aachwe achome ngano na kukata mizeituni mpaka achoke arudi kwao, wao wakila nafaka inayoletwa kwa meli. Thucydides, mwanahistoria aliyeviona vita vile kwa macho yake, anaandika kwamba watu walipeleka kondoo na ng'ombe wao kisiwa cha Euboea na visiwa vya jirani, kisha wakaingia mjini na wake zao, watoto wao, vyombo vyao, na hata mbao za nyumba zao, ambazo walizing'oa wenyewe. Yaani milango, miimo na madirisha.

Msomaji mwingine huupita mstari huo bila kugeuka. Mimi niliposoma pale nilifunga kitabu nikatoka nje. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia, nilikuwa na miaka kumi na moja, na kwetu ni kaskazini ya mto Kagera. Msimu wa senene ulikuwa umekaribia, na mimi kilichokuwa kikiniuma ni kwamba tutaukosa. Mama alibeba sufuria mbili, blanketi na mdogo wangu. Baba alisimama mbele ya mlango wetu wa mninga, ambao fundi alilipwa kwa kahawa ya msimu mzima, akashika bawaba. Hakuwa na bisibisi wala nyundo mkononi. Alishika tu. Mama akamwita kwa sauti ambayo sikupata kuisikia tena maishani, akauachia. Tulivuka daraja la Kyaka kwa miguu, na siku chache baadaye daraja lenyewe lililipuliwa. Tuliporudi katikati ya mwaka 1979, mabati yalikuwa yamekwenda, mlango umekwenda, na kibanja kimekuwa pori.

Kwa hiyo yule mkulima aliyeingia Athens na mlango mgongoni, mimi simshangai. Alipata muda kuliko sisi, basi.

Huko mjini hapakuwa na nafasi. Wachache walikuwa na ndugu wa kuwapokea. Waliobaki walilala kwenye viwanja vitupu, kwenye mahekalu, kwenye minara ya ukuta, na kwenye ule ukanda mrefu kati ya kuta mbili zilizounganisha mji na bandari ya Piraeus. Palikuwa na eneo chini ya ngome yao ya Acropolis ambalo lilikuwa na laana ya kale kwamba lisikaliwe na mtu. Likakaliwa. Mtunzi mmoja wa vichekesho wa wakati ule aliwatania jukwaani kwamba wanaishi ndani ya mitungi. Wenye mitungi yao nadhani hawakucheka.

Hapa ndipo ninapotaka mwandishi wenu aangalie kwa makini, maana hao anaosema walikuwa na damu moja hawakuwa na neno moja. Katika ule mwaka wa kwanza Wasparta walipiga kambi Acharnai, kijiji kikubwa kuliko vyote vya mashambani, mwendo wa kilomita kama kumi na moja kutoka mjini. Watu wa Acharnai wengi walikuwa wachoma mkaa. Sasa wamesimama juu ya ukuta wa mji, wanaona moshi wa kwao, na safari hii si wao waliowasha moto. Hao ndio waliopiga kelele kuliko wote kwamba jeshi litoke likapigane. Vijana ambao hawajawahi kuiona nchi yao ikichomwa walisema vivyo hivyo. Pericles akakataa hata kuitisha mkutano, akiogopa kwamba wakikutana na hasira ile wataamua jambo la kujuta. Wakati huo huo mpiga kasia wa Piraeus, ambaye hakuwa na shamba la kuchomwa, aliondoka na meli kwenda kuuvamia ukanda wa pwani wa adui, na malipo yake ya siku yakaendelea kuingia. Mji mmoja, ukuta mmoja, mwezi mmoja. Mmoja anataka vita vya leo leo, mwingine anaona vita vinakwenda sawasawa, na bila shaka wapo waliotaka tu kujua mizabibu yao imebaki mingapi.

Wasparta walirudi mara tano katika miaka saba ya mwanzo, kila mara nafaka inapoanza kukomaa. Safari ndefu kuliko zote walikaa siku 40, fupi kuliko zote siku 15. Mkulima alikuwa akirudi shambani wakishaondoka, analima, anapanda, anangoja, kisha anakimbia tena. Mzeituni haufi kirahisi, ukikatwa huchipua kwenye kisiki. Lakini mti unaochipua na mti unaozaa ni vitu viwili, na mtu wa kahawa anajua ninachosema.

Mwaka wa pili, 430 K.K., watu wakiwa wamesongamana katika vibanda wakati wa joto kali, tauni ikaingia kwa njia ya bandari. Kwanza ilisemekana kwamba adui ametia sumu kwenye matangi ya maji ya Piraeus. Mnaona jinsi uvumi usivyozeeka. Thucydides mwenyewe aliugua akapona, ndiyo maana ameeleza kila dalili: kichwa kuwaka, macho kuwa mekundu, kiu isiyokatika, watu kujitupa kwenye visima. Askari wa deraya 4,400 walikufa na wapanda farasi 300. Idadi ya wengine, anasema, haikuweza kujulikana. Maiti ya nani ichomwe wapi halikuwa swali tena. Watu walikuta kuni za mwenzao zimeshawaka, wakatupia juu yake maiti wao na kuondoka. Maskini aliyerithi leo alitumia leo, kwa sababu kesho haikuwa na mwenyewe. Yule mwandishi anayesema Wagiriki walilelewa kuheshimu maiti kuliko vyote hakukosea, ila heshima ile ilidumu mpaka kuni zilipokwisha.

Mwaka 1994 na 1995, wakati Athens ya leo ikichimba reli ya chini ya ardhi, walifukua kaburi la pamoja kwenye makaburi ya kale ya Kerameikos. Watu wapatao 150, wa chini wamelazwa kwa mpangilio kidogo, wa juu wametupwa tu. Kati yao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka kama kumi na moja. Wanaakiolojia wamempa jina la Myrtis na kumtengenezea sura upya kutokana na fuvu lake. Nimeiona picha yake kwenye simu ya mwanangu. Umri huo huo niliokuwa nao mimi nikilala sebuleni kwa shangazi huko Kamachumu, tukiwa watoto tisa kwenye mkeka mmoja.

Baada ya tauni na uvamizi wa pili, wale wale waliovishangilia vita walimgeukia Pericles. Wakatuma wajumbe Sparta kuomba amani, wajumbe wakarudi mikono mitupu. Wakampiga Pericles faini. Muda haukupita, wakamchagua tena kuwa jemadari. Alifiwa na wanawe wawili wa ndoa kwa tauni hiyo, na mwaka 429 naye akafa. Uamuzi wao ule wa faini na kurudishwa sijaona aliyeueleza vizuri kuliko marehemu baba, aliyesema: "Walipokuwa na njaa walimlaumu, walipokuwa na hofu walimtafuta."

Na hapa niseme neno langu juu ya Pericles, mlikate mkipenda. Majira ya baridi ya ule mwaka wa kwanza walifanya mazishi ya kitaifa. Mifupa ya waliokufa vitani ilikusanywa katika masanduku kumi ya mberoshi, moja kwa kila kabila la Athens, na kitanda kimoja kitupu kilichotandikwa kikabebwa kwa ajili ya wale ambao maiti zao hazikupatikana. Watoto wao waliahidiwa kulelewa kwa fedha ya mji mpaka wakue. Yote hayo ni mazuri. Kitanda kitupu kile kila nikikifikiria kinanishika koo, kwa sababu kijijini kwetu wapo waliokwenda na hapakupatikana hata cha kuweka sandukuni. Lakini Pericles aliposimama kuhutubia, baada ya sifa ndefu za mji na za mashujaa, wajane akawapa maneno machache tu: kwamba fahari yao itakuwa kubwa wasipotajwa sana na wanaume, kwa sifa wala kwa lawama. Basi. Mwanamke amefiwa, anaambiwa asisikike. Sisi mwaka 1978 tuliambiwa redioni kwamba sababu ya kupigana tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na nakumbuka wanawake sebuleni kwa shangazi walipiga vigelegele hadi redio ikazimwa kusudi betri isiishe. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Niendelee. Mnataka kuuona moyo wa watu wa kawaida katika vita, acheni majemadari muwatazame wapiga makasia wa mwaka 427 K.K. Mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos ulikuwa umeasi, ukashindwa. Watu wa Athens wakakutana kwa hasira, wakapiga kura kwamba wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Meli ikatumwa siku ile ile na amri hiyo kwa jemadari Paches aliyekuwa huko. Asubuhi yake watu wakaamka na kitu kimewakaa vibaya. Mkutano ukaitishwa tena. Mwanasiasa Cleon akasimama kutetea amri ya jana, akiwaambia huruma itawaangusha. Raia mwenzake, Diodotus, akajibu, na wala hakuzungumzia huruma, alizungumzia faida: mkiwaua wote, mji wa pili utakaoasi utapigana hadi mwisho, kwa kuwa hauna cha kutumaini. Mikono ikahesabiwa, ikawa karibu sawa kwa sawa, Diodotus akashinda kwa kidogo.

Meli ya pili ikaondoka, ya kwanza ikiwa imetangulia kama usiku mmoja na mchana mmoja. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athens waliwawekea wapiga makasia mvinyo na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Watu wale walikula huku wakivuta makasia, shayiri iliyokandwa kwa mvinyo na mafuta, wakalala kwa zamu. Upepo wa mbele haukuwepo. Na ile meli ya kwanza, anasema Thucydides, haikwenda kwa haraka, kwa kuwa ilikuwa na kazi ya kuchukiza. Paches alikuwa ameshaisoma amri na anajiandaa kuitekeleza meli ya pili ilipotia nanga.

Nimewasomesha watoto kisa hiki mara nyingi na kila mara kuna mmoja anayepiga makofi. Huwa namwacha amalize, kisha namsomea mstari unaofuata: viongozi wa maasi, zaidi ya watu 1,000, waliuawa hata hivyo. Na miaka kumi na moja baadaye mji huo huo wa Athens ulikiendea kisiwa kidogo cha Melos, ambacho hakikutaka kujiunga nao, ukawaua wanaume waliokamatwa na kuwauza wanawake na watoto. Safari hiyo meli ya pili haikutumwa.

Ya kisiwa cha Sicily nitayapitia upesi kwa sababu makala yenu imeyaeleza, ila imeruka kura. Mwaka 415 K.K. ilipopendekezwa kwenda kuushambulia mji wa Syracuse huko Sicily, Thucydides anaeleza nani alitaka nini. Wazee waliamini jeshi kubwa namna ile haliwezi kupatwa na jambo. Vijana walitamani kuona nchi za mbali. Na watu wa kawaida, pamoja na askari, walitazamia malipo kwa wakati ule, na baadaye himaya ambayo ingewapa malipo yasiyokwisha. Waliopinga walinyamaza, wasije wakaonekana wasaliti wa mji. Drakma moja kwa siku kwa kila baharia, na waliokaa safu ya juu wakaongezewa na wakuu wa meli. Siku ya kuondoka mji mzima uliteremka Piraeus alfajiri, tarumbeta ikapigwa watu wakanyamaza, mvinyo ukamiminwa kwa vikombe vya dhahabu na fedha, wakaimba, kisha meli zikashindana mbio hadi kisiwa cha Aegina. Mbio, jamani. Kama mashindano ya ngalawa siku ya sikukuu.

Miaka miwili baadaye hapakuwa na meli hata moja iliyorudi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne za baadaye, anasimulia jinsi habari ilivyofika. Mgeni mmoja alishuka Piraeus, akaketi kwa kinyozi, akaanza kuzungumzia msiba ule kama mtu anayedhani kila mmoja anaujua. Kinyozi akaacha kazi, akakimbia kilomita zile zote hadi mjini kuwaambia wakuu. Wakamuuliza nani kakwambia, hakumjua hata jina. Wakaona ni mzushi anayetia watu hofu, wakamfunga kwenye gurudumu wakamtesa, mpaka wajumbe wakafika na habari kamili. Vinyozi wa vita vyote nawaonea huruma. Huko Syracuse, mateka wasiopungua 7,000 walikuwa wamefungiwa kwenye machimbo ya mawe, jua la mchana na baridi ya usiku, kikombe kimoja cha maji na viwili vya nafaka kwa siku, maiti zikiwa zimerundikana kando yao.

Na watu wa Athens walipoamini, wakawakasirikia wanasiasa waliohimiza safari ile, Thucydides anasema, kana kwamba wao wenyewe hawakuipigia kura. Mwandishi wenu angeuweka mstari huo mmoja mahali pa neno "damuni", mimi nisingeandika barua hii.

Mwaka ule ule Wasparta wakajenga ngome ya kudumu Dekeleia, mahali panapoonekana kutoka mjini, wakaacha kuondoka. Hapo ndipo watumwa, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao juu ya vita, walipotoa jibu: zaidi ya 20,000 walitoroka, wengi wao mafundi. Mashamba yakawa hayafikiki majira yote ya mwaka. Na majirani wa Thebes, waliokuwa upande wa Sparta, walivuka mpaka wakabeba kilichobaki kwenye nyumba za wakulima, wakianza na mbao na vigae vya paa. Vigae! Nilipofika hapo nilimpigia mdogo wangu simu kumweleza. Akasema, "Kwa hiyo hata wao waliezuliwa."

Vita viliisha mwaka 404 K.K. kwa njaa. Kuta zile ndefu zilibomolewa huku wasichana wakipiga filimbi.

Nimalizie kwa nyumba moja ya Athens, ambayo Xenophon, mwandishi wa wakati ule, ametuachia habari zake. Baada ya kushindwa, mwenye nyumba, Aristarchus, alijikuta amejaziwa dada, wapwa na binamu, jumla watu huru kumi na wanne chini ya paa moja, wanaume wao wametawanyika. Shamba liko mikononi mwa maadui, nyumba ya kupangisha haina mpangaji kwa kuwa mji ni mtupu, vyombo hakuna wa kuvinunua, mkopo hakuna wa kuutoa. Akamwendea mwanafalsafa Socrates na uso umemshuka. Socrates akamuuliza kama wanawake wale hawajui kusokota sufu na kufuma nguo. Wanajua, akasema, lakini ni wanawake wa ukoo mzuri, si wa kufanyishwa kazi. Mwishowe akaiacha haya ile, akatafuta mtaji, akanunua sufu. Wakafanya kazi hata wakati wa chakula cha mchana, nyuso zikachangamka, nyumba ikapata chakula. Akarudi kwa Socrates kumshukuru, na malalamiko yakawa yamebaki moja tu: wanawake wanasema katika nyumba ile ni yeye peke yake anayekula bila kufanya kazi.

Kisa hicho nilimsomea mama akiwa mgonjwa kitandani, miaka michache kabla hajatutoka. Kule Kamachumu yeye na shangazi walisuka mikeka na vikapu mchana kutwa wakauza sokoni, wakati baba na wakimbizi wenzake wakicheza karata chini ya mti na kupanga jinsi ya kumwondoa Amin. Mama alicheka hadi akakohoa. Alipopata pumzi akaniuliza huyo Aristarchus alikuwa akicheza mchezo gani.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Bukoba.